Safari Saba za Sindbad: Je, Zawafaa Watoto Wetu?



Baba mmoja wa hapa Kiloleli alimkuta mwanawe akisoma kitabu penye taa, na mbuzi walikuwa hawajafungiwa bado. Akakitwaa kile kitabu, akakifungua katikati, akasoma habari za ndege ambaye yai lake lilikuwa kubwa kupita nyumba. Akakifunga, akakitia sandukuni. Siku ya Bwana ilipofika alinijia baada ya ibada, akaniuliza, “Mwalimu, mtoto akisoma uongo kila siku, hatakuwa mwongo?” Sikumjibu siku ile, bali nilimwomba anipe nafasi ya kufikiri. Haya ndiyo majibu yangu, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua wako wazazi wengi wanaoliuliza swali hilo mioyoni mwao pasipo kulitamka.

Kwanza yatupasa kujua uongo ni nini. Mwongo husema neno lisilo kweli akitaka msikiaji alisadiki, ili yeye apate faida au mwenziwe apate hasara. Msimulizi wa hadithi hafanyi hivyo. Bibi anaposema “Paukwa,” na wajukuu wakajibu “Pakawa,” wote wajua ya kuwa wameingia katika mambo ya hadithi, wala hakuna aliyedanganywa. Katika Maandiko Matakatifu, Yothamu aliwaambia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme, na hatukusikia mtu akimwita mwongo kwa sababu miti haisemi. Nabii Nathani alimwendea Daudi na habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu. Maskini yule hakuwako, lakini dhambi ya Daudi ilikuwako, na kwa hadithi ile mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Hata Martin Luther hakuzidharau hadithi. Mwaka 1530, alipokuwa akikaa katika ngome ya Coburg, wakati wenzake walipokuwa Augsburg wakiikiri imani mbele ya Kaisari, alianza kuzitia katika Kijerumani hadithi za Aesop, kama ile ya mbwa-mwitu na mwana-kondoo. Huku kwetu Afrika Mashariki, Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, aliyekuwa Askofu baadaye, alizikusanya hadithi za Waswahili kutoka katika vinywa vya watu, akazipiga chapa mwaka 1870. Basi, hadithi kuwa ya ajabu si dhambi. Swali lililobaki ni kubwa kuliko lile la kwanza: hadithi hii yamfundisha mtoto kumpenda mtu wa namna gani?

Kitabu alichokitwaa yule baba kilikuwa ni habari za safari saba za Sindbad Baharia. Habari hizi zasimuliwa kama mambo ya zamani za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hata 809. Hapo kwanza zilikuwa kitabu peke yake. Lakini Mfaransa Antoine Galland alizitia pamoja na hadithi za Alfu Lela Ulela, alizoanza kuzitoa mwaka 1704, na tangu hapo zimesomwa katika lugha nyingi za dunia. Kwa Kiswahili nazo zapatikana, na watoto wazipenda sana.

Mambo yake kwa ufupi ni haya. Mchukuzi maskini wa Baghdad, akiwa na mzigo mzito siku ya jua kali, alipumzika mlangoni pa tajiri. Akasikia muziki na harufu ya vyakula, akamlalamikia Mungu: kwa nini huyu anastarehe nami nateseka, na sote tu viumbe wake? Tajiri alimsikia. Hakumfukuza, bali alimwita ndani, akamketisha karibu naye, akamsimulia kwa muda wa siku saba jinsi alivyoupata utajiri wake, na kila siku akampa vipande mia vya dhahabu. Tajiri huyo ndiye Sindbad. Katika safari ya kwanza walishuka kisiwani wakawasha moto, kumbe kisiwa ni samaki, akazama nao. Katika ya pili alisahauliwa penye yai la ndege rukh, akajifunga kwa kilemba chake mguuni pa ndege huyo, naye akampeleka katika bonde la almasi lenye majoka. Katika ya tatu lilikuwako jitu lililowabanika wenzake kwa kijiti cha chuma. Katika ya tano alipandwa mabegani na mzee wa baharini ambaye hakukubali kushuka. Hivyo hivyo mpaka safari ya saba.

Sasa tupime mizani. Kwanza nitaeleza mema yake.

La kwanza, hadithi hizi zamfungulia mtoto macho ya kuustaajabia ulimwengu. Sisi wa Usukuma tumezoea mbuga, ng'ombe na mashamba ya pamba. Tu mbali na bahari ya chumvi. Mtoto akimfuata Sindbad kutoka Basra huiona bahari ile ile ambayo majahazi ya Waarabu yaliivuka kwa pepo za kaskazi na kusi, yakafika mpaka pwani yetu. Mwaka 1980 Tim Severin aliondoka Oman kwa jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo misumari, akafika China mwaka 1981, ili kuonyesha ya kuwa safari za namna ile ziliwezekana. Hata yule ndege rukh ana jamaa yake katika mambo ya kweli: katika kisiwa cha Bukini, ndiyo Madagaska, alikuwako zamani ndege mkubwa asiyeruka, ambaye yai lake moja lilizidi mayai mia ya kuku. Mtu aliyejifunza kustaajabu hatachelewa kujifunza kumshukuru Muumba.

La pili, Sindbad hakai akingoja kufa. Akitupwa nchi asiyoijua, hutazama na kufikiri, na hufanya kazi. Alifika katika nchi ambako watu walipanda farasi bila matandiko. Akamwonyesha seremala jinsi ya kutengeneza tandiko, akapata heshima kwa kazi hiyo. Neno hili ni jema kwa vijana wetu, ambao wengine wao wakishindwa mtihani mmoja huona kama dunia imekwisha.

La tatu, tajiri alimsikiliza maskini aliyemnung'unikia. Hakuita watumishi wampige. Alimwita kwa jina na kula naye. Wako Wakristo wenye mali ambao hawajafika hapo.

Sasa nitasema mabaya yake, na hapa sina budi kuungama kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikiwasomea watoto hadithi hizi chini ya mti baada ya mafundisho yao. Tulipofika safari ya nne nilirukaruka mahali fulani, nikapita upesi. Msichana mmoja, aliyekuwa amekwisha kukisoma kitabu peke yake, akainua mkono: “Mwalimu, umeacha mahali. Wale watu aliowapiga kwa mfupa, walimkosea nini?”

Mahali penyewe ni hapa. Sindbad alioa katika nchi ya ugenini. Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mume akifa, mkewe huzikwa naye angali hai, na mke akifa, mumewe vivyo hivyo. Mkewe akafa. Sindbad akashushwa kwa kamba katika pango la wafu, pamoja na mtungi wa maji na mikate saba. Chakula kilipokuwa karibu kwisha, akashushwa mtu mwingine aliye hai pamoja na maiti. Sindbad akatwaa mfupa wa mfu, akampiga kichwani akamwua, akala mikate yake. Akafanya hivyo kwa kila aliyeshushwa, mume kwa mke, siku nyingi. Mwisho mnyama aliyeingia kula maiti alimwonyesha tundu la kutokea pwani. Akatoka, akamshukuru Mungu. Kisha akarudi ndani, akakusanya vito na dhahabu za wafu, akajipakia katika jahazi lililopita, akaenda zake tajiri.

Nilimjibu yule msichana, “Hawakumkosea neno.” Watoto wakanyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema, “Lakini wangekufa tu.” Nadhani watu wazima wengi wangesema kama yeye. Ndivyo mwanadamu anavyojitetea siku zote: huyu ni mgonjwa, huyu ni mzee, huyu hana msaada, atakufa tu, basi nikichukua chake nimemdhulumu nini? Lakini tazameni, hadithi yenyewe yaivunja hoja hiyo. Tundu la kutokea lilikuwako tangu mwanzo. Kama angewaacha hai, wangelitafuta pamoja, na siku mnyama alipoingia wangetoka wote. Hawakufa kwa sababu hapakuwa na njia. Walikufa kwa sababu mtu mmoja alihesabu mikate kabla hajatafuta njia.

Wala kosa kubwa la hadithi si kwamba Sindbad alitenda jambo baya. Daudi naye alitenda baya, na Biblia haikulificha. Lakini kwa Daudi alikuja Nathani. Kwa Sindbad haji mtu. Husimulia mauaji yale mezani mbele ya wageni, chakula kikiwa tele, wala hakuna amwulizaye, wala yeye haoni haya. Shukrani kwa Mungu imo, toba haimo. Mtoto akisoma hivyo peke yake, bila neno la mtu, aweza kujifunza kwamba aliyeokoka ndiye mwenye haki, na kwamba Mungu hushukuriwa kwa mali pasipo kuulizwa imetoka wapi.

Baya la pili ni lile jibu alilopewa mchukuzi. Aliuliza kwa nini yeye anateseka na mwingine anastarehe. Sindbad asema, kwa sababu mimi niliteseka kwanza. Lakini ndugu zangu, mchukuzi naye alikuwa akiteseka kila siku, na bonde la almasi hakuliona. Mkulima wa huku huinama na jembe tangu mvua za kwanza, na mama hubeba maji kichwani kutoka mbali. Kama shida ingezaa mali, mama zetu wangekuwa matajiri kuliko wafalme. Haifai kumwambia mtoto wa maskini ya kuwa babaye hana kitu kwa sababu hakuvumilia vya kutosha. Vipande mia vya dhahabu vilikuwa kipawa chema, lakini havikuwa jibu la swali lake.

Huenda mtu akasema, “Basi tuvitupe vitabu vya wageni, tuwasimulie watoto hadithi zetu wenyewe.” Hadithi zetu nami nazipenda. Nani katika Usukuma asiyemjua Masala Kulangwa? Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha katika makapi. Akazaa mwana, ndiye Masala, jina la mwenye akili afahamuye upesi. Alipokua akauliza, “Mama, watu wengine wako wapi?” Akaambiwa. Akaenda kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akamletea mama yake akidhani ndilo. Mama akamwambia, silo. Akaua ndege, akaua mnyama, silo. Mwisho akalikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, wakatoka babaye na watu wote. Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Steere yumo kijana mwingine wa namna hii, aliyemwinda nunda mla watu, naye aliua mnyama mmoja baada ya mwingine akiambiwa siye.

Tukiwalinganisha wawili hawa, tofauti ni wazi. Sindbad aliingia pangoni akatoka peke yake na vito. Masala alilipasua tumbo, watu wakatoka. Wa kwanza ana mali. Wa pili ana jamaa, nao wakamfanya mtemi. Ndiyo maana walimu wengine wa Injili katika nchi yetu wameitumia hadithi ya Masala kuwaelekeza watu kwa Yeye aliyewafungua waliofungwa na mauti.

Walakini hadithi yetu nayo ina kidonda chake, na si haki kukihesabu cha Sindbad na kukifunika cha kwetu. Masala alipokuwa akipasua tumbo la zimwi, kisu kilimkata bibi kizee sikio. Yule bibi akakasirika, akataka kumroga. Hapo wasikilizaji hucheka: watu wote wameokoka, na kizee huyu anung'unikia sikio! Lakini katika nchi yetu hii ya Usukuma jambo hilo si la kuchekwa. Kwa miaka mingi mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ijapokuwa wekundu ule uliletwa na moshi wa mekoni, walikopikia wana wao na wajukuu wao. Mtoto aliyefundishwa katika hadithi ya kwanza ya maisha yake kwamba hasira ya bibi kizee ni uchawi, atakapokuwa kijana, na ng'ombe akafa au mtoto akaugua, atamtazama nani?

Tena, tazameni ni nani aliyekatwa. Bibi yule alikuwa na haki ya kulia. Aliyejeruhiwa na mkombozi wake amejeruhiwa vile vile. Na Masala, kwa sifa yake, hakusema, “Nyamaza, nimekuokoa.” Wala hakumwua. Alitafuta dawa, akaliponya lile sikio. Kwangu mimi hapo ndipo palipo na uzuri wa hadithi nzima, kuliko hata kuuawa kwa zimwi. Nasi Wakristo hatuwezi kusikia habari za sikio lililokatwa na kuponywa tusikumbuke bustani ile usiku ule, Petro alipolikata sikio la mtumishi wa Kuhani Mkuu, na Bwana akaligusa akaliponya, huku amekwisha kukamatwa. Hakumwambia yule mtumishi kwamba maumivu yake ni madogo mbele ya kazi kubwa iliyokuwa ikitendeka.

Basi haya ndiyo ninayoyashauri. Tusiwanyime watoto hadithi za ajabu, za wageni au za kwetu. Kitabu kilichofichwa sandukuni mtoto atakisoma kwingine, naye atakisoma peke yake. Tusiruke mahali pabaya kama nilivyoruka mimi, maana pale tunaporuka ndipo mtoto anapobaki bila mwalimu. Tukifika pangoni, tusimame, tuulize: hawa waliouawa walikuwa na jina? Nani aliwangoja nyumbani? Kulikuwa na njia nyingine? Tukifika kwa bibi kizee, tusicheke, bali tuulize: sikio lake liliuma? Mtoto aliyezoea kuwaulizia habari zao watu wadogo wa hadithi, wale wanaopita upesi na kufa, atazoea pia kuwaulizia watu wadogo wa kijiji chake. Na asiyezoea hayo, hata tukimsomesha hadithi za watakatifu peke yao, atamtazama mwenye taji tu asiuone umati.

Naye yule baba nilimjibu hivi: mwanao hatakuwa mwongo kwa sababu ya yai la ndege. Lakini kitoe kitabu sandukuni, na mbuzi wakiisha kufungiwa, keti naye usome safari ya nne, kisha umwulize aonavyo. Alinitazama kitambo, akasema kwamba yeye si msomaji mwepesi. Nikamwambia, “Basi mwanao akusomee wewe.”

Juma lililofuata nilimwona tena. Akaniambia ya kuwa wamefika pangoni, na kwamba mwanawe alitaka kuendelea mbele lakini yeye mwenyewe alimzuia, kwa kuwa bado alikuwa akiwafikiri wale waliokuwa wakishushwa kwa kamba.

Mungu atupe sisi tulio walimu na wazazi masikio ya kusikia maswali ya watoto wetu, na moyo wa kutowapita waliojeruhiwa. Amina.